Helikopta Ndogo Kabla ya Kukabidhiwa Damu: Jinsi Chombo Kinavyorekebishwa na Kujaribiwa kwa Ajili ya Hewa ya Kasulu na Kibondo

Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, muda wa kuokoa uhai wake huhesabiwa kwa dakika. Mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria kali naye hana siku nzima ya kusubiri. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hali hizi mbili si ngeni kwa mhudumu yeyote wa zahanati. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa umri wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma alikuwa na vimelea vya ugonjwa huo. Damu salama ya kanda ya magharibi huandaliwa Tabora, na kutoka hospitali ya wilaya hadi zahanati ya kijijini bado kuna vilima, mabonde na vijito ambavyo msimu wa masika huvigeuza kuwa vizuizi. Barabara kuu ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, yenye urefu wa takriban kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami katika miaka ya karibuni. Lakini mgonjwa haishi barabara kuu.

Ndiyo maana wazo la kutumia chombo kidogo cha angani kisicho na rubani, ambacho wengi hukiita droni, huzungumzwa mara kwa mara katika vikao vya afya. Wazo hilo si ndoto. Mwaka 2018, kwa muda wa miezi sita, kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, zilijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Chombo chao kilisafiri kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ilhali safari ya nchi kavu ya kilomita 240 huchukua kama saa sita. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, vyombo vya kampuni ya Zipline vimekuwa vikirushwa kutoka Muhanga na kudondosha mifuko ya damu kwa miavuli midogo katika viwanja vya hospitali.

Habari za mafanikio hayo hueleza zaidi umbali na kasi. Kazi ndefu iliyotangulia, ya kukirekebisha chombo na kukijaribu mpaka kiaminike, hutajwa kwa nadra. Kwa mhudumu wa afya, kazi hiyo ndiyo yenye uzito, kwa sababu chombo ambacho hakijapimwa hakina tofauti na dawa ambayo haijapimwa.

Kwa nini helikopta

Chombo chenye mabawa kama ndege husafiri mbali kwa betri kidogo, lakini huhitaji mahali pa kurukia, na aghalabu hudondosha mzigo bila kutua. Helikopta hutua katika uwanja wa ukubwa wa ua wa zahanati, hupokea mzigo mwingine na kuondoka. Tofauti hiyo ni kubwa kitabibu. Zahanati haihitaji kupokea tu. Ina makohozi ya kupimwa kifua kikuu, ina matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI, ina chupa za damu za kupimwa figo na ini. Chombo cha Ukerewe kilichanganya sifa zote mbili: kiliinuka wima kama helikopta, kisha mapanga yake yakalala mbele kikaenda kama ndege, na katika safari za kurudi kiliweza kubeba sampuli za maabara.

Helikopta ndogo inayoongozwa kwa rimoti ina mapanga makuu juu, panga dogo mkiani, mota ya umeme, betri za lithiamu na mota ndogo tatu au nne zinazoinamisha mapanga. Mapanga makuu yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili. Panga la mkiani huuzuia. Kifaa kidogo kiitwacho jairoskopu huhisi kila mara mkia unapoanza kupotoka na kuliamuru panga hilo lirekebishe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwa kuwa kila sehemu hutegemea nyingine, kasoro ya gramu chache upande mmoja huonekana mahali pengine kabisa.

Hewa ya nyanda za juu

Watu wengi hudhani chombo kilichoruka vizuri Dar es Salaam kitaruka vivyo hivyo Kasulu. Sivyo. Mapanga hushika hewa kama kasia linavyoshika maji, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Katika mwinuko wa mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambao ni wa kawaida katika eneo hili, mgandamizo wa hewa hupungua hadi asilimia 86 hivi ya ule wa pwani. Joto likiwa sawa, kila panga hukuta hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba. Hata Kigoma mjini hapafanani na Kasulu: Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na kutoka ufukweni hadi Kasulu chombo hupanda zaidi ya nusu kilomita.

Fundi hufidia upungufu huo kwa njia mbili. Anaweza kuongeza kasi ya mapanga: yaliyozunguka mara 1,500 kwa dakika pwani yatahitaji kukaribia mara 1,620 ili kuinua uzito uleule. Au anaweza kuongeza pembe ya mwinamo wa mapanga, ambayo kwa helikopta nyingi ndogo huwa digrii tano au sita chombo kinapoelea mahali pamoja. Pembe ikizidi, hewa huacha kuteleza juu ya panga, nguvu ya kuinua hukatika ghafla na chombo huanguka. Fundi mwangalifu huchanganya njia zote mbili na kubakiza akiba ya pembe kwa ajili ya dhoruba ndogo zinazotoka mabondeni.

Gharama hulipwa na betri. Tuchukue helikopta yenye uzito wa kilo 8 inayoweza kuelea kwa dakika 20 pwani ikiwa tupu. Ikiongezewa kasha la kilo 2, kwa hesabu ya kinadharia huhitaji nguvu zaidi kwa asilimia 40. Ikipelekwa mita 1,300 huhitaji nyongeza nyingine ya asilimia 8. Dakika 20 hubaki 13 hivi. Ondoa sehemu ya tano ya akiba ambayo haipaswi kuguswa, na mhudumu ataelewa kwa nini umbali ulioandikwa kwenye tangazo la muuzaji hauwezi kuwa umbali wa kupangia huduma.

Mezani kwanza

Marekebisho huanza chombo kikiwa mezani, mota kuu ikiwa imetenganishwa na umeme. Hili si jambo la adabu tu. Mapanga ya helikopta ya ukubwa huu yanaweza kuua. Mwaka 2013 mjini New York mrushaji alipoteza maisha baada ya kupigwa kichwani na mapanga ya helikopta yake mwenyewe.

Mapanga hupimwa kwa mizani, moja baada ya jingine, na lililo jepesi huongezewa kipande cha utepe mpaka yalingane. Kisha kitovu cha uzito hutafutwa: chombo hushikwa kwa vidole viwili chini ya ekseli ya mapanga na kutazamwa kama pua au mkia unainama. Jaribio hilo hufanywa kikiwa tupu, na hurudiwa kikiwa na kasha lililojaa. Uniti moja ya damu ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo, tena ni kimiminika. Isipobanwa vizuri huhama kila chombo kinapoinama, na kitovu cha uzito huhama nayo. Pakiti ya barafu iliyoyeyuka nusu hufanya vivyo hivyo.

Kisha fundi hukagua kama amri za rimoti hufika zilivyokusudiwa: kijiti kikisukumwa kushoto, mapanga yainame kushoto. Kosa la kugeuza upande wa jairoskopu ni la kawaida kwa wanaoanza, na matokeo yake ni chombo kinachojizungusha kama pia mara tu kinapoacha ardhi. Masafa ya redio hupimwa kwa kutembea mbali na chombo huku rimoti ikiwa imepunguzwa nguvu. Katika vilima vya Buha jaribio hili linapaswa kurudiwa kwenye njia yenyewe, kwa kuwa mgongo mmoja wa kilima unaweza kukata mawasiliano ambayo uwanjani yalikuwa safi.

Hatua za kwanza hewani

Safari ya kwanza haina safari. Chombo huinuliwa hadi usawa wa macho, mrushaji akiwa amesimama mbali, na kuachwa kielee. Ncha za mapanga huwa zimefungwa tepe za rangi mbili. Mapanga yakizunguka katika mstari mmoja, jicho huona ukingo mmoja mwembamba; likiwepo panga linalopita juu ya jenzake, kingo mbili huonekana, na rangi ya juu humwambia fundi ni panga lipi lipunguzwe pembe. Hapo ndipo mtetemo mwingi huzaliwa.

Mkia nao hueleza hali yake. Ukitikisika kulia na kushoto kwa haraka kama mkia wa mbwa aliyefurahi, jairoskopu imewekwa kuwa nyepesi mno wa kuhisi. Ukipotoka polepole upepo unapovuma, imewekwa kuwa nzito. Marekebisho hufanywa kidogo kidogo, badiliko moja kwa kila mruko, na kila badiliko huandikwa. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya wala lipi lililoharibu. Daktari anayebadili dawa tatu siku moja analijua tatizo hilo.

Karibu na ardhi helikopta hukaa juu ya mto wa hewa inayosukumwa chini na mapanga yake yenyewe, nayo huhitaji nguvu kidogo. Kwa sababu hiyo jaribio la mita moja hudanganya. Chombo kilichoinua kasha bila shida usawa wa magoti kinaweza kushindwa juu ya miti ya miombo. Kosa la upande wa pili ni kushuka wima kwa haraka: chombo hudidimia ndani ya hewa iliyochafuliwa na mapanga yake, na kuongeza nguvu huzidisha kudidimia. Mrushaji hufundishwa kushuka kwa mshazari, akisonga mbele.

Mzigo wa kwanza uwe chupa za maji zenye uzito sawa na damu, wala si damu. Na saa ya jaribio lenye uamuzi iwe alasiri ya kiangazi, joto likiwa juu kabisa, kasha likiwa limejaa. Asubuhi yenye ubaridi hewa ni nzito na upepo umelala, na kila chombo huonekana kizuri. Mtengenezaji anayependa kuonyesha kazi yake saa moja asubuhi peke yake anastahili kuulizwa maswali.

Mwisho rimoti huzimwa kwa makusudi chombo kikiwa hewani, juu ya uwanja mtupu. Chombo kinatakiwa kurudi chenyewe kilikotoka au kutua taratibu. Kama hakifanyi hivyo, majaribio hukomea hapo.

Damu yenyewe inasemaje

Chombo kinaweza kuruka vizuri kabisa na bado kuharibu kilichomo. Mtetemo mkali hupasua seli nyekundu za damu. Potasiamu iliyokuwa ndani ya seli humwagika nje, na maabara hutoa jibu la potasiamu nyingi kwa mgonjwa asiye nayo. Mgonjwa huyo anaweza kupewa tiba ya kushusha potasiamu ambayo hakuihitaji, nayo ikamdhuru moyo. Hapa ndipo marekebisho ya mapanga, yaliyoonekana kuwa mambo ya mafundi, yanapogeuka kuwa mambo ya wagonjwa.

Kuna ushahidi wa kutia moyo. Mwaka 2015 Timothy Amukele wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha matokeo ya chupa 336 za damu kutoka kwa watu wazima 56 wenye afya. Baadhi zilirushwa kwa ndege ndogo isiyo na rubani kwa dakika 6 hadi 38, nyingine zikabaki chini, kisha vipimo 33 vikalinganishwa. Kwa ujumla safari haikuathiri majibu. Mwaka 2017 kundi hilo lilirusha sampuli kwa saa tatu, kilomita 258, katika jangwa la Arizona. Safari hii glukosi na potasiamu zilitofautiana, na chanzo hakikuwa mruko. Sampuli zilizobaki chini zilikaa katika wastani wa nyuzi 27.3, zilizoruka katika nyuzi 24.8. Joto ndilo lililoleta tofauti.

Hata hivyo vyombo hivyo si helikopta ya fundi wa Kasulu, na ushahidi wa chombo kimoja hauhamishiki kwa kingine kama cheti. Maabara ya hospitali ya wilaya inaweza kufanya jaribio lake bila gharama kubwa. Mtu mmoja aliyeridhia hutolewa damu katika chupa tatu kwa wakati mmoja: moja hubaki maabara, moja huruka, na ya tatu hupanda bodaboda kwa njia ya kawaida. Zikirudi, zote huzungushwa kwenye sentrifuji na kutazamwa. Maji ya damu yenye rangi ya majani makavu ni mazima. Yaliyogeuka waridi au mekundu yanaonyesha seli zimepasuka. Kisha potasiamu hupimwa katika zote tatu. Chupa ya bodaboda ni muhimu, maana barabara yenye mashimo nayo hutetemesha, na helikopta inatakiwa kulinganishwa na usafiri uliopo, si na meza ya maabara peke yake.

Joto la kasha huhitaji uangalifu uleule. Seli nyekundu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 6 za Selsiasi na husafirishwa zisipite nyuzi 10. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Katika safari ya dakika kumi hatari kubwa haiko angani. Iko uwanjani, kasha likiwa juani huku watu wakisubiri upepo utulie. Hatari ya upande wa pili ni barafu kugusa mfuko wa damu: seli zikiganda hupasuka, na damu hiyo haifai tena kuongezewa mtu.

Watu walio chini

Kurusha chombo cha namna hii nchini Tanzania huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga chini ya kanuni za mwaka 2018, na karibu na mpaka wa Burundi vyombo vya ulinzi lazima vijue kabla. Lakini kibali hakimwelezi mwanakijiji kinachopita juu ya paa lake. Kasulu ina kambi ya Nyarugusu na Kibondo imekuwa na kambi ya Nduta, ambako wamepokelewa watu waliokimbia vita nchini Kongo na machafuko ya Burundi. Kwa baadhi yao, mlio usiojulikana angani una maana nyingine kabisa. Taarifa itangulie chombo, kwa Kiha, Kirundi na Kiswahili: kinabeba nini, hakibebi nini, kinapita saa ngapi. Watoto hukimbilia kila kinachotua, kwa hiyo uwanja uzungushiwe kamba na pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwazuia, si kupokea mzigo.

Ipo pia kweli isiyopendeza. Usiku wa radi na mvua kubwa, mama akiwa katika hatari, ndio usiku ambao helikopta ndogo haitaruka. Dereva wa bodaboda na gari la wagonjwa hawawezi kuondolewa katika mpango. Na benki ya damu isiyo na wachangiaji haitajazwa na chombo chochote. Kitabeba kasha tupu kwa kasi.

Chombo kikishatua, mhudumu wa zahanati hukaa mbali mpaka mapanga yasimame kabisa. Halafu hufungua kasha kivulini, husoma kipimajoto kabla ya kugusa kitu kingine, na kuandika nyuzi na saa kwenye daftari. Hulinganisha namba ya mfuko na jina na kundi la damu la mgonjwa. Huutazama mfuko kwa mwanga: uvujaji, mabonge, maji ya juu yaliyogeuka mekundu. Kipimajoto kikionyesha zaidi ya nyuzi 10, mfuko huwekwa kando ukiwa na kibandiko, mgonjwa hapewi, na simu hupigwa maabara kabla fundi hajaruhusiwa kurusha safari ya pili.